Kujifungulia Tanga ukiwa mgeni: mwongozo kamili, kuanzia kipimo cha mimba hadi pasipoti ya mtoto

Mimi ni mzaliwa wa Kwale, Kenya, na watoto wangu wote wawili nimewazalia Tanga. Mume wangu alipopata kazi bandarini tulivuka mpaka wa Horohoro na mabegi manne na godoro, tukapanga nyumba Makorora, na miezi mitano baadaye kipimo kikaonyesha mistari miwili. Lugha haikunisumbua hata siku moja. Kilichoninyima usingizi ni kutojua nibishe hodi wapi kwanza, nani analipa, damu ikihitajika itatoka wapi, na mtoto atahesabiwa wa nchi gani. Tangu hapo nimepigiwa simu na Wakenya wenzangu, Waganda, Wakongomani na dada mmoja wa Kingazija, maswali ni yaleyale. Nayajibu hapa kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi.

Kabla sijaanza, jambo ninalolishikilia kuliko yote: panga uzazi wako kuanzia usiku mbaya kabisa unaoweza kukukuta, halafu rudi nyuma. Ukishajua kwamba saa nane za usiku damu ikikutoka nani atakuhudumia na kwa vifaa gani, hayo mengine ya mapazia na mapokezi mazuri utayapanga kwa utulivu.

Makaratasi yako mwenyewe yatangulie

Mimba ni wiki 40, na kibali cha kukaa kina tarehe yake. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kama Kenya na Uganda huingia Tanzania bila viza na hugongewa muhuri wa hadi miezi sita. Ukiingia na mimba changa, muda huo unaweza kwisha wakati tumbo liko mbele na hutaki hata kupanda bajaji, seuze kwenda mpakani. Kama mume ndiye mwenye kibali cha kazi, wewe uwe na hati ya mtegemezi mapema. Shughulika nayo katika miezi mitatu ya kwanza.

Chanjo ya homa ya manjano nayo iangalie. Ukitoka Kenya, Uganda au Kongo utaulizwa kadi mpakani. Chanjo hiyo ina virusi hai, kwa hiyo mjamzito hachomwi hivihivi. Kama hujawahi kuchanjwa, mwombe daktari barua ya msamaha yenye muhuri, na uitembeze pamoja na pasipoti.

Bima: soma sehemu ya uzazi, usisome kurasa za mbele. Bima nyingi binafsi hazilipii uzazi mpaka umalize muda wa kusubiri, na mara nyingi ni miezi tisa hadi mwaka. Ukiikata ukiwa tayari na mimba, mimba hiyo haimo. Kama bima ni ya mwajiri, uliza kwa maandishi mambo matatu: inalipa hospitali gani za Tanga, inalipa upasuaji, na mtoto anaanza kulindwa lini baada ya kuzaliwa.

Kliniki, na uende mapema

Usingoje tumbo lionekane. Jiandikishe kliniki kabla ya wiki ya 12. Vituo vya afya vya serikali viko mitaani (sisi tulikuwa na cha Makorora, wa Pongwe wana chao), na hata ukikusudia kujifungulia hospitali binafsi, mimi nakushauri kadi ya kliniki uichukue huku. Kadi hiyo ndiyo pasipoti yako ya uzazi. Nesi yeyote nchini akiifungua anajua aangalie wapi.

Siku ya kwanza ni ndefu. Nenda asubuhi, umekunywa chai, na mume au mwenza wako yuko pembeni, kwa sababu kipimo cha VVU mnafanyiwa wote wawili na vituo vingi hupenda kuanza na waliokuja pamoja. Mume akiwa safarini au nchi nyingine, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua. Usiione hiyo kama usumbufu. Sisi wageni tunafaidika mwenyekiti akitujua. Siku utakapohitaji shahidi wa makazi yako, hatakuwa akikuuliza wewe ni nani.

Utapimwa VVU, kaswende, homa ya ini, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, malaria, presha, uzito. Utaulizwa tarehe ya kwanza ya siku zako za mwisho, kwa hiyo iwe umeiandika. Utapewa vidonge vya kuongeza damu (huku vinaitwa fefo), dawa ya minyoo, sindano ya pepopunda kulingana na ulizowahi kuchoma, na chandarua.

Halafu kuna SP, vidonge vitatu vya kukinga malaria, vinavyomezwa palepale mbele ya nesi. Vinaanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo na kurudiwa kwa kupishana mwezi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Tanga ni pwani, mbu tunao. Wageni waliotoka Nairobi au nyanda za baridi wana kinga ndogo ya malaria kuliko wenyeji, kwa hiyo usiruke hata dozi moja. Ila mwambie nesi kama unatumia septrini, maana haviendi pamoja, na kama uliletewa foliki asidi ya miligramu 5 kutoka nje mwonyeshe, kwani dozi kubwa hivyo inaipunguzia SP nguvu.

Mahudhurio siku hizi yanapendekezwa manane, si manne ya zamani. Piga ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, wakati bado inaweza kukadiria umri wa mimba vizuri. Ya mwisho-mwisho inaonyesha mlalo wa mtoto na kondo limekaa wapi, lakini tarehe haiipatii sawasawa.

Kuchagua pa kujifungulia: kaulize mwenyewe

Hapa ndipo nilipokaribia kukosea. Mimba ya kwanza nilipenda zahanati moja binafsi, safi, kitanda kina shuka nyeupe, nesi anakuita dada. Nililipa na kitangulizi. Wiki ya 34 mama mwenye nyumba wetu, mzee wa Kidigo aliyezaa saba, akaniuliza tu: "Mwanangu, ukikatwa usiku, anayekulaza usingizi analala wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaenda kuuliza. Nesi, kwa upole wake wote, akaniambia mtaalamu wa usingizi wanampigia simu na hufika akitokea Muheza. Muheza ni kama kilomita 35. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi nikihesabu: simu iite, mtu aamke, gari ipatikane, barabara. Nikachukua kadi yangu nikaondoka, kitangulizi nikakisamehe.

Basi maswali ya kwenda nayo ni haya, na yaulize kwa nesi wa zamu ya usiku ikiwezekana, si kwa mtu wa mapokezi. Upasuaji mnafanya usiku na siku za sikukuu? Daktari wa kupasua na mtaalamu wa usingizi wako ndani au wanaitwa, na kwa kawaida wanachukua dakika ngapi? Damu mnayo hapahapa au mnatuma mtu? Mtoto akizaliwa hapumui vizuri, oksijeni na kitanda cha joto viko chumba gani, naweza kuviona? Umeme ukikatika jenereta inawaka yenyewe? Mkishindwa, mnanipeleka wapi na kwa gari la nani? Mwisho uliza kama mama yako au mume ataruhusiwa kukaa nawe leba, kwa sababu wodi yenye vitanda vilivyokaribiana mara nyingi hairuhusu mwanamume, na ni haki ya wale wengine kusitirika.

Kwa Tanga mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, kule juu ya mwamba unaotazama bahari. Popote utakapochagua, ukizidiwa huko ndiko utakakopelekwa kwanza, kwa hiyo kaijue kabla: geti la usiku, wodi ya wazazi iko wapi, malipo wapi. Njia ya Segera kuna Hospitali Teule ya Muheza. Juu ya hapo rufaa ni Dar es Salaam au hospitali ya KCMC kule Moshi, na kila moja ni safari ya kilomita mia tatu na zaidi, hivyo si mahali pa kukimbilia ukiwa tayari kwenye uchungu.

Maoni yangu: mimba isiyo na tatizo, Tanga panatosha, usijitie gharama. Lakini kama uliwahi kupasuliwa zaidi ya mara moja, una mapacha, presha inapanda, kondo limeziba njia au una ugonjwa wa moyo au sukari, zungumza na daktari uhamie Dar, Moshi au nyumbani kwenu kabla ya wiki ya 36. Mombasa ni karibu kuliko Dar, ndiyo, ila kuna mpaka katikati na halafu kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu, na leba haisubiri foleni. Kama ni ndege, mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa baada ya 36.

Damu

Nimeipa damu sehemu yake kwa sababu hapa mgeni hupungukiwa kuliko mwenyeji. Mwenyeji ana kaka, shemeji, binamu, mtaa mzima. Wewe una mume na pengine wafanyakazi wenzake.

Jua kundi lako mapema na utafute watu watatu wenye damu inayokufaa walio tayari kuitwa. Wawe na afya, uzito usiopungua kilo 50, na wasiwe wametoa karibuni: mwanamume husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Bora wachangie wiki za mwisho kabla hujajifungua. Waombe bila haya. Watu wa Tanga wakiombwa jambo la mzazi hawakwepi. Mimi wa kwanza kujitokeza alikuwa muuza mihogo wa kona yetu.

Kipimo changu kilisema O hasi. Kwa Waafrika ni wachache wenye damu hasi, na mwanamke mwenye damu hasi aliyebeba mtoto wa damu chanya anahitaji sindano ya anti-D: moja karibu na wiki ya 28, nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikithibitika mtoto ni chanya. Isipochomwa, mwili hutengeneza askari wa kuishambulia damu ya mtoto, na anayeumia sana ni mtoto wa mimba inayofuata. Sindano hii ni ghali na si duka kila moja la dawa linalo. Kama kundi lako ni hasi, mpime na mume. Naye akiwa hasi, hamna haja.

Wa kwangu alikuwa chanya. Ya pili tuliipata Dar. Mume wangu alipanda basi la alfajiri, akarudi usiku na kiboksi cha barafu magotini. Dawa hii inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, isipate joto wala isigande, kwa hiyo mfamasia aliizungushia gazeti ili isigusane na barafu. Konda akataka kiboksi kiende kwenye buti. Mume wangu akamwambia, "Hiki ni mtoto wangu," na konda akamtafutia kiti cha dirishani upande usio na jua. Aliposhuka stendi ya Kange hapa Tanga hatukuipeleka nyumbani, umeme wetu ulikuwa unakatika. Ilikwenda moja kwa moja kwenye friji ya famasia ya hospitali, jina langu limeandikwa kwa kalamu nene. Nikajifungua siku tisa baadaye.

Pesa

Sera ya huduma bure kwa wajawazito katika vituo vya serikali imewekwa kwa ajili ya wananchi. Mgeni usijenge hesabu yako juu yake. Uliza dirisha la malipo bei ya asiye raia, uzazi wa kawaida na wa upasuaji, na nini kimo ndani. Mara nyingi glovu, dawa, maji ya mshipa na kitanda cha siku za ziada huhesabiwa pembeni. Weka akiba ya upasuaji hata kama huutarajii. Sehemu iwe taslimu, sehemu kwenye simu, na mume naye awe na namba ya siri ya simu yako. Wewe ukiwa mezani huwezi kuibonyeza.

Begi, na namba ya 115

Wiki ya 34 begi liwe mlangoni. Kituo kitakupa orodha yake, na uifuate hiyo: glovu, pamba, vibanio vya kitovu, mpira wa kulalia, beseni, sabuni, pedi kubwa. Kanga beba sita au zaidi, zilizofuliwa na kukaushwa juani vizuri, kuukuu ndizo laini. Nguo za mtoto na kofia, hata kama joto la Tanga linakutoa jasho. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka. Kadi ya kliniki, nakala za pasipoti za wote wawili, cheti cha ndoa kama mnacho, chaja.

Patana na dereva mmoja wa gari na mmoja wa bajaji wanaoishi karibu nawe, na mkubaliane mapema kuhusu safari ya usiku. Na hifadhi namba 115. Ni ya bure, ya mpango wa m-mama, kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Wakikosa gari la wagonjwa hutuma dereva wa jamii waliyemsajili.

Usingoje uchungu ukiona damu, kichwa kinachouma sana na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, maji kutoka, au mtoto kupunguza kucheza. Hapo ni kwenda, hata saa tisa usiku, hata kama jana tu ulipimwa ukaambiwa uko sawa.

Siku yenyewe

Chakula chepesi na maji, tembea, na usinywe dawa ya mitishamba ya kuharakisha uchungu. Hili nalisema kwa heshima kubwa kwa bibi zetu, nami nimelelewa nao. Baadhi ya dawa hizo hukaza kizazi bila mpangilio, na nesi akiongeza ya hospitali bila kujua, kizazi chaweza kupasuka. Kama umeshakunywa, sema. Hata kwa kunong'ona, sema.

Waambie wanaokupokea kundi la damu yako, mara ngapi umezaa, na kama uliwahi kupasuliwa. Waamkie. Ukimwambia nesi mkubwa "shikamoo" katikati ya maumivu, hakusahau. Baada ya mtoto kutoka utachomwa sindano ya kuzuia damu kutoka nyingi, ikubali. Kisha kaa wodini si chini ya saa 24, hata ukijiona mzima.

Mtoto awekwe titini ndani ya saa moja. Atapewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio kabla hamjatoka, kisha chanjo nyingine akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wakenya, msishtuke: BCG huku huchomwa bega la kulia, si mkono wa kushoto kama kwetu. Usikubali arudiwe ukienda nyumbani kwa sababu tu alama haionekani mahali palipozoeleka, onyesha kadi.

Arobaini bila mama yako

Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, kukandwa. Kama mama hawezi kuja, tafuta mapema mtu wa kukukanda na mpatane malipo na siku. Maji yawe ya moto, yasiunguze, na kidonda cha upasuaji kisiguswe. Kitovu cha mtoto usikitie mafuta, majivu wala mate; kiache kikavu. Rudi kliniki ndani ya wiki ya kwanza na tena wiki ya sita, na ukijikuta unalia kila jioni bila sababu baada ya wiki mbili, mwambie nesi. Ugeni huzidisha upweke wa uzazi, na kuna msaada wake.

Cheti, ubalozi, Uhamiaji

Kabla hujatoka hospitali utapewa tangazo la kizazi. Kaa nalo usome herufi kwa herufi. Kwa mtoto wangu wa kwanza, kwenye uraia wa mama waliandika Mtanzania, kwa kuwa nilizungumza Kiswahili na hakuna aliyefikiri kuniuliza. Nilikuwa nimechoka, nikalikunja nikalitia begini. Kulirekebisha ilinichukua safari nne na mtoto mgongoni. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, na amueni mapema mpangilio wake: huku mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu.

Kizazi kisajiliwe RITA, wakala wa usajili, ndani ya siku 90. Ukichelewa inawezekana bado, ila nyaraka huongezeka. Chukua cheti na utoe nakala tatu zilizothibitishwa.

Kuzaliwa Tanga usikuhesabu kama pasipoti ya Tanzania kwa mtoto wa wageni wawili. Mtoto wa Mkenya, kwa Katiba ya 2010, ni Mkenya popote alipozaliwa ikiwa baba au mama ni raia; kinachobaki ni kumsajili kupitia Ubalozi wa Kenya Dar es Salaam, kisha pasipoti. Wengine nao balozi zao nyingi ziko Dar, na kila nchi ina fomu zake, kwa hiyo piga simu mimba ikiwa na miezi saba uulize wanataka nini. Kama mmoja wenu ni Mtanzania, mtoto anaweza kubeba uraia wa pande zote mbili mpaka atimize miaka 18, kisha sheria ya Tanzania itamtaka achague mmoja.

Pasipoti ikishatoka, mpeleke mtoto Uhamiaji aingizwe kwenye hati ya mtegemezi chini ya mzazi mwenye kibali. Usimvushe Horohoro kwa cheti peke yake ukitumaini huruma ya afisa. Na kama unavuka naye bila baba yake, beba barua ya baba iliyosainiwa kwa wakili pamoja na nakala ya pasipoti yake. Mara ya mwisho niliiombwa dirisha la kwanza kabisa, mtoto akiwa amelala begani, na nyuma yangu foleni ikiwa imefika mlangoni.